Pipa Lisilo na Kivuli

Kazi yangu ni kusafisha picha za zamani na kuzitengenezea fremu. Wanaonijua watakwambia mambo mawili juu yangu: kwamba mkono wangu ni mwepesi, na kwamba mdomo wangu ni mzito. Yote mawili niliyahesabu kuwa sifa njema. Sasa hilo la pili likitajwa mbele yangu naangalia chini.

Shangazi aliileta ile picha Jumatatu asubuhi, ameifunga kwa shuka kuukuu. Namwita shangazi ingawa damu yetu si moja. Baba yake alikuwa fundi cherehani mtaani kwetu, na miaka sabini iliyopita, wakati wa vita, askari waliingia nyumbani kwao wakamchukua yeye na mkewe. Hawakurudi. Mtoto alikuwa na miaka sita. Babu yangu, seremala wa mtaa huohuo, ndiye aliyemwokota siku hiyo, akamficha chini ya meza yake ya kazi, kisha akamlea pamoja na baba yangu mpaka akawa mtu mzima. Nyumbani kwetu tulijivunia jambo hilo kupita kiasi. Wengine wana mashamba, wengine wana vyeo. Sisi tulikuwa na shangazi.

"Fungua," aliniambia, akivuta kiti. "Usinitazame hivyo, si maiti."

Ilikuwa picha ya rangi ya mafuta, upana wake kama meza ndogo ya chai, imeingia moshi na vumbi hadi ikawa nyeusi. Niliweza kuona barabara, ukuta, mlango mmoja na dirisha. Nilipoigeuza nyuma nikakuta tarehe, na chini yake maneno machache ya mkono uliozoea kuandika herufi kubwa: Nilivyoona nikiwa juu ya ngazi.

"Ni ya yule mchora vibao aliyekuwa akikaa mkabala na sisi," alisema. "Mpwa wake anabadilisha dari, akaikuta huko juu imelala na panya. Akanikumbuka."

"Fremu hii ni ya baba," nilisema. Nisingeweza kukosea. Baba alifunga pembe zake kwa vigingi vya mbao, msumari hata mmoja hakuutumia maisha yake yote.

"Basi mjane wa mchoraji alimpelekea. Maskini, alikuwa na mtoto wa jicho, hata mkono wake mwenyewe hauoni. Na baba yako asinidokeze! Ninyi watu wa nyumba hii mmerithishana ukimya." Aliyasema kwa utani, nami nikacheka.

Kisha akaacha utani. Alisogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza, akaweka kidole juu ya mahali palipokuwa na dirisha.

"Nataka uniangalizie hapa. Kisa changu unakijua."

Nilikijua. Kila mtu kwetu alikijua. Wakati ule nyumba yao ilijifanya haina watu, kwa siku kumi na moja: mlango umefungwa, pazia limeshushwa, chakula kinaliwa bila kupikwa. Mama yake alimkanya mchana na usiku asiguse pazia. Siku ya kumi na mbili akaligusa. Alichungulia nje, na muda si muda askari wakavunja mlango. Ndivyo alivyokumbuka, na ndivyo alivyoishi. Alikataa kuzaa. Mara moja tu, nikiwa kijana, nilimsikia akimwambia mama yangu jikoni: "Aliyewamaliza wazazi wake mwenyewe atamlea nani?" Babu alikuwa akimpapasa kichwa na kumwambia, "Usijilaumu, ulikuwa mtoto." Maneno hayo tuliyarithi. Babu alipokufa akayasema baba, na baba alipokufa nikayasema mimi.

"Huyu mtu alikuwa juu ya ngazi, mtaa wote anauona," alisema. "Kama nilifungua pazia, atakuwa amelichora. Kama sikufungua, basi labda niliota, na miaka yote hii nimejitesa bure. Nimechoka, mwanangu. Nataka kujua kabla sijaondoka. Nisafishie dirisha tu, mengine shauri yako."

"Huwezi kusafisha dirisha tu, shangazi. Picha si suruali, eti unafua goti."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaniachia kazi.

Usafishaji wa picha hauna siri. Unazungusha pamba kwenye kijiti, unachovya kwenye dawa, unavingirisha juu ya eneo dogo kama ukucha, unatupa pamba, unachukua nyingine. Siku tatu nilikuwa natoa masizi na vanishi iliyogeuka rangi ya chai ya rangi. Mchoraji yule alikuwa stadi. Maisha yake yote aliandika majina ya maduka ya watu, lakini hapa alichora kila tofali, kila waya, hata paka juu ya ukuta. Na kila kitu alikipa kivuli chake, kwa sababu jua la saa nne asubuhi lilikuwa likipiga kutoka upande mmoja. Askari wanne walikuwa wakitembea kuelekea kwenye nyumba ya fundi cherehani. Mmoja, wa mbele, alikuwa ameelekeza uso upande wa dirisha.

Alhamisi nikalifikia dirisha. Pazia lilikuwa wazi, upana wa kiganja. Katika uwazi ule palikuwa na uso wa mtoto, mdogo kuliko punje ya harage, na macho mawili ambayo mchoraji lazima aliyatia kwa unywele mmoja wa brashi. Niliweka kijiti chini. Basi hakuota, maskini. Nilimwonea huruma shangazi siku hiyo, huruma safi kabisa, ya mtu asiyehusika.

Ijumaa nikaanza upande wa kushoto wa mlango, palipokuwa na pipa la maji. Pipa lilinikera tangu mwanzo. Lilikuwa baya. Mtu aliyeweza kuchora macho ya mtoto kwa unywele angechoraje pipa kama la mtoto wa chekechea? Tena rangi yake haikuwa na nyufa. Picha nzima ilikuwa imepasukapasuka kama uso wa bwawa lililokauka, ila nyufa zilipofika kwenye pipa zilizama chini yake. Yaani picha ilikauka, ikazeeka, ikapasuka, ndipo pipa likaja. Na nilipoondoa masizi chini yake nikakuta jambo lililoniwasha masikio. Paka ana kivuli. Tofali lina kivuli. Pipa halina. Pale ardhini palikuwa na kivuli, ndiyo, ila hakikuwa cha pipa. Kilikuwa na kichwa, na mabega, na mkono mmoja ulionyooka.

Ningeacha hapo. Fundi mwenye akili angeacha hapo, akamwita mwenye mali. Lakini mimi nina kiburi cha kazi. Nikiona rangi imewekwa juu ya rangi, vidole vinawasha. Nilichukua dawa kali zaidi na kuanza kulitoa pipa lile kidogokidogo, nikipiga mluzi.

Kitu cha kwanza kujitokeza kilikuwa kiatu.

Babu yangu alikuwa na mguu mmoja mfupi. Alivaa kiatu chenye soli nene kama tofali, alichojitengenezea mwenyewe kwa mbao na ngozi, na kilipogonga barabara ulijua anakuja kabla hujamwona. Mtaa wote ulimwita Kiatu, mbele ya uso wake, naye akiitika. Hapakuwa na kiatu kingine kama kile popote.

Mluzi ulikatika. Niliendelea kwa sababu mkono ulikuwa umeshaanza, na kwa sababu nilikuwa na tumaini. Ikaja aproni ya seremala, na penseli mfukoni. Likaja bega. Ukaja mkono umenyooshwa, na kidole, na kidole kilikuwa kinaonyesha mlango wa fundi cherehani. Yule askari wa mbele hakuwa anatazama dirisha hata kidogo. Alikuwa anafuata kidole cha babu, na dirisha lilikuwa njiani tu.

Nilichukua kioo cha kukuzia nikaanza kutafuta bunduki. Naona aibu kusema nilivyoitafuta. Nilitaka nione mtutu mgongoni mwa babu, au mkono wa askari shingoni mwake, au hata damu puani, kitu chochote cha kumtetea. Askari wa karibu alikuwa hatua sita kutoka kwake, bunduki begani. Babu alisimama peke yake, ameshika kofia kwa mkono wa pili, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni.

Nikakumbuka hadithi nyingine ya nyumbani, ile tuliyokuwa tukisimulia kwa majigambo: kwamba siku chache kabla ya mlango ule kuvunjwa, babu aliwekwa ndani siku mbili na askari wale, akatoka mzima, bila hata kofi, kwa sababu ya ujasiri wake. Nilikuwa nimeisimulia hadithi hiyo harusini kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa kifua mbele miaka hamsini na minane.

Na pipa lilikuwa la baba. Sikuhitaji kuuliza. Alikuwa na tabia ya kumalizia rangi kwa kuibonyeza na kidole gumba, na alama ya gumba lake ilikuwepo pale nilipokuwa bado sijafika, ukingoni mwa pipa. Aliona alichoona, akamfunika babu, akairudisha picha kwa mjane asiyeona. Kisha akaendelea kumwambia shangazi, kila alipolia mezani petu, "Dada, usijilaumu, ulikuwa mtoto." Fundi wa fremu hajui mambo ya vivuli. Hicho tu ndicho kilichomponza.

Mke wangu aliingia na kikombe cha kahawa, akasimama nyuma yangu. Hakuna haja ya kumweleza mtu aliyeolewa katika nyumba ile kiatu kile ni cha nani.

"Ee Mungu," alisema. Akaweka kikombe pembeni na kutoka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sina wa kumsingizia. Jumamosi asubuhi nilichanganya rangi. Nilijiambia kwamba babu amekufa, baba amekufa, na wafu hawajitetei. Nilijiambia kwamba babu ndiye aliyemlea, na nikimwondolea babu nitakuwa nimemwachia nani? Ana miaka sabini na sita, moyo wake ni wa kutegemea dawa, sisi ndio watu wake pekee. Zote zilikuwa sababu nzuri. Ila niligundua kwamba kila sababu niliyoitaja ilikuwa juu yake, na woga wote niliokuwa nao ulikuwa juu yangu: nitaitwa nani mtaani?

Nilichora pipa. Pipa zuri, lenye pete za chuma na kutu, na unyevu kidogo kwenye kitako. Kisha nikafanya ambalo baba hakulifanya: nikafuta kile kivuli chenye mkono, nikaweka kivuli cha pipa. Nilikifanya kwa ustadi hivi kwamba nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikajikuta najipongeza. Nikawahi kwenye sinki kunawa mikono, rangi ikagoma kutoka kwenye kucha.

Mke wangu aliliona pipa adhuhuri.

"Limerudi," alisema.

"Limerudi."

"Mimi sina la kukwambia, wewe ni mtu mzima. Lakini shangazi akija Jumatatu, chai utamwandalia mwenyewe. Mimi nitakuwa sokoni. Siwezi kumtazama."

Na kweli Jumatatu alikwenda sokoni. Shangazi alikuja amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda mahakamani kusikiliza hukumu. Nilimpa kioo cha kukuzia. Nilimshikia kiwiko. Aliinama juu ya dirisha.

"Nipo," alisema.

Nilimsogezea taa.

"Nipo, mwanangu. Si unaniona? Na huyu askari ananitazama." Alifuata kwa ukucha kutoka kwenye uso wa askari mpaka kwenye uso wa mtoto. Mstari ulikuwa umenyooka kabisa. Pipa langu lilisimama kando yake, kimya, na kivuli chake. "Ni mimi. Basi. Sasa najua ni mimi."

Alilia bila sauti, na mimi, mjukuu wa babu yangu, nikampapasa bega nikamwambia: "Usijilaumu, shangazi. Ulikuwa mtoto."

Akaushika mkono wangu ule, wenye rangi kwenye kucha, akaubusu. Akasema Mungu anilipe kwa kazi niliyofanya.

Alitaka picha iwekwe maktaba, watu waone. Ijumaa mkutubi alinipigia simu kuniuliza vipimo. Wangeitundika Jumapili, alisema, na bibi mwenyewe ameshakubali maelezo yatakayoandikwa chini yake. Akanisomea kwa furaha: "Mtoto Dirishani. Msichana wa miaka sita anafungua pazia na kuwafichua wazazi wake bila kukusudia." Akaniuliza kama nina la kuongeza, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Nilisema sina. Nilikata simu nikakaa na ile sentensi. Ingebaki ukutani baada yake, na watoto wa shule wangepangwa mstari kuisoma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi asubuhi nilitia pamba, vijiti na chupa ya dawa mkobani, nikaenda kwake. Picha ilikuwa sebuleni, imeegemezwa kwenye kochi, ikisubiri gari la maktaba. Cherehani yake ilikuwa wazi, na kitambaa chini ya sindano.

"Umesahau nini?" aliniuliza.

"Shangazi, keti."

"Nimeketi tangu alfajiri. Sema."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinikimbia. "Hili pipa halikuwepo," nilisema. "Baba alilichora. Nikalitoa, nikaona kilicho chini yake, nikalichora tena. Nimekuja kulitoa."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena. Kisha akavuta kiti cha cherehani, akakiweka mbele ya picha, akaketi.

"Toa."

Rangi yangu ya wiki moja ilikuwa bado mbichi. Ilitoka kirahisi, pamba moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa akiangalia juu ya bega langu. Kiatu kilipotokea alisogeza kiti karibu zaidi. Aproni. Bega. Nilipofika kwenye mkono nilibadilisha pamba. Kidole kilipokuwa wazi chote, nilisogea pembeni.

Gari lilipita nje, jirani akamwita mtu.

"Kiatu," alisema hatimaye, taratibu. "Nilikisikia kiatu. Ko, ko, ko, barabarani. Alikuwa akiniletea vipande vya mbao vya kuchezea, kila siku, kabla hatujajifungia. Nilifungua pazia kwa sababu nilimsikia yeye." Akakigusa kiatu kwa ncha ya kidole. "Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilikumbuka pazia tu."

Kisha akauliza, bila kunigeukia, "Umejua tangu lini?"

"Ijumaa ya wiki iliyopita."

"Kwa hiyo Jumatatu, nilipolia pale kwako."

"Nilikuwa najua."

"Na nilipokubusu mkono."

"Nilikuwa najua, shangazi."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia bei ya kitu asichoweza kununua. Nilipiga magoti. Nilianza kusema nisamehe, nisamehe kwa ajili ya babu, kwa ajili ya baba, kwa ajili yangu, maneno yakitoka ovyo pamoja na makamasi, mtu mzima mwenye mvi.

Aliinua kiganja kunizuia. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa amekasirika, hasira hiyo ilikuwa mbali, bado iko safarini kunifikia. Macho yake yalikuwa kwenye ule mlango uliochorwa, uliofungwa, ambao nyuma yake walikuwepo watu wawili.

"Wewe ngoja," alisema. "Toka nje ukangoje. Kwanza nina mazungumzo na mama yangu."

Nilitoka, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Nyuma yangu nilimsikia akisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, si mimi." Akasema tena. "Mama, si mimi."